Watoto Walipoulizwa Habari za Nyumbani

Wazazi wengi kati yenu wana desturi ya kumwuliza mtoto arudipo jioni: Leo mwalimu amewafundisha nini? Ni desturi njema, nasi twaisifu. Lakini ilikuwako nchi moja ya Ulaya ambamo swali hilo liligeuzwa njia. Huko mwalimu ndiye aliyemwuliza mtoto asubuhi: Jana kwenu mmekula nini? Mama amepaka mayai rangi? Bibi yako kabla ya kulala husema maneno gani, na mkono wake huupeleka wapi? Mtoto naye, kwa kuwa ni mtoto, na kwa kuwa nyumbani amekanywa asiseme uongo, alijibu kweli tupu. Kwa jibu lake hilo baba aliweza kuondolewa kazini, au jamaa nzima kupelekwa mbali na kwao.

Twasema juu ya nchi ya Albania. Hatusemi ili kuwatisha wasomaji, wala hatutaki kuchochea ugomvi wa siasa. Utawala ule ulianguka kati ya miaka ya 1990 na 1992, nao wengi waliouongoza wamekwisha kwenda mbele ya Hakimu asiyehitaji wapelelezi. Twasema kwa sababu jambo lililopiganiwa kule ni jambo ambalo kila mmoja wetu analo, awe tajiri au maskini: mlango wa nyumba yake, na maneno yanayosemwa nyuma ya mlango huo.

Albania ni nchi ndogo. Ukubwa wake wakaribia kuwa sawa na wa Burundi, nayo iko kando ya bahari ya Adriatiki, ng'ambo ya Italia. Kabla ya vita kuu ya pili, katika kila watu kumi wa nchi hiyo, saba hivi walikuwa Waislamu, wawili Waortodoksi, na mmoja Mkatoliki. Wakatoliki walikaa zaidi upande wa kaskazini, katika milima na katika mji wa Shkodër. Wakomunisti walishika serikali mwezi Novemba 1944, wakiongozwa na Enver Hoxha, naye hakuachia hatamu hata alipokufa mwezi Aprili 1985. Alifanya urafiki na Yugoslavia akauvunja, akafanya urafiki na Urusi akauvunja, akafanya urafiki na China akauvunja nao. Mwishowe nchi ilibaki peke yake, imefungwa kama sanduku, na mwananchi aliyejaribu kuvuka mpaka alihesabiwa kuwa msaliti.

Wachungaji walipigwa kwanza. Askofu Frano Gjini aliuawa kwa risasi mwaka 1948. Askofu Mkuu Vinçenc Prennushi alifia gerezani mwaka 1949. Hao pamoja na wenzao 36, mapadre, watawa, mseminari na walei, walitangazwa kuwa Wenye Heri huko Shkodër tarehe 5 Novemba 2016. Mwanamke kati yao ni mmoja tu, Maria Tuci, msichana mwalimu aliyetaka kuwa Sista. Habari za mashahidi hao zastahili kuandikwa kwa urefu, na siku nyingine tutaziandika. Leo twawatazama wale ambao hakuna aliyewapiga picha: mama aliyepanga foleni ya maziwa, baba aliyefanya kazi kiwandani, bibi mwenye rozari iliyofichwa ndani ya unga.

Mwaka 1967 ndio mwaka mkubwa wa habari hii. Mwezi Februari Hoxha alitoa hotuba, na vijana wa chama wakatumwa katika miji na vijiji. Ilipofika mwezi Mei, nyumba zote za dini, idadi yake 2,169, makanisa na misikiti na nyumba za watawa, zilikuwa zimefungwa. Nyingine zilivunjwa, nyingine zikawa maghala. Kanisa kuu la Shkodër likafanywa jumba la michezo. Katiba ya mwaka 1976, kifungu cha 37, iliandika waziwazi kuwa dola haiitambui dini yoyote. Sheria ya adhabu ya mwaka 1977 ikaongeza kuwa mtu akieneza dini, au akiweka tu kitabu cha dini, atafungwa tangu miaka mitatu hadi kumi. Watawala wengi wa dunia wamewatesa waamini; lakini dola hii ilijisifu mbele ya mataifa kuwa ndiyo ya kwanza duniani isiyo na Mungu.

Sasa yatupasa kuuliza: Sheria ya namna hii huingiaje nyumbani? Askari hawezi kukaa katika kila jiko. Sala haina harufu, wala imani haionekani kwa macho. Kufunga kanisa ni kazi ya siku moja. Kufunga kinywa cha mama anayemwimbia mtoto wake ni kazi nyingine kabisa.

Watawala wale walilijua jambo hilo vizuri, nao hawakuanza na maneno makubwa ya elimu. Walianza na chakula. Wakati wa Kwaresima maziwa na nyama viligawiwa mashuleni na viwandani, watu wakala mbele ya macho ya wenzao. Waislamu walitendewa hayohayo mwezi wa Ramadhani, wakaletewa chakula mchana. Asiyekula alijulikana. Hakuna aliyeulizwa kama anasadiki Utatu Mtakatifu; aliulizwa tu mbona hanywi maziwa yake.

Msomaji wa Maandiko Matakatifu atakumbuka mara moja kitabu cha Danieli. Vijana wanne wa Kiyahudi waliletwa utumwani Babeli, na mfalme akaamuru walishwe chakula cha mezani pake. Danieli aliona kuwa chakula hicho, japo kitamu, ni mlango. Akaomba kwa adabu apewe mboga na maji. Twaelewa sasa kwa nini Roho Mtakatifu alitaka jambo dogo kama hilo liandikwe mwanzoni kabisa mwa kitabu, kabla ya tanuru la moto na kabla ya shimo la simba. Mtu huzoezwa kwanza katika sahani.

Tena, kabla hata ya ombi hilo la Danieli, kitabu kile chasema kuwa mkuu wa jumba la mfalme aliwabadilisha majina wale vijana wote wanne. Hayo nayo yalitukia Albania. Mwaka 1975 ilitoka amri kuwa raia mwenye jina lisilofaa kwa siasa ya nchi alibadilishe. Zikatangazwa orodha za majina yaliyokubaliwa: majina ya kale ya kabila la Wailiria, majina ya maua na ndege, na mengine yaliyotungwa. Wako watoto walioitwa Marenglen, ambalo ni vipande vya Marx, Engels na Lenin vilivyounganishwa. Mama aliyemzaa mtoto siku ya Mtakatifu Nikola hakuweza kumwita Nikola. Aliweza kumwita hivyo sikioni tu, usiku, taa ikiwa imezimwa. Na asubuhi akaliita lile jina jingine kwa sauti ili jirani asikie.

Sisi huku wengi wetu tuna majina mawili, la Ubatizo na la ukoo, na hatuoni ajabu kuitwa moja shuleni na jingine kwa bibi. Basi na tufikiri: lingekuwaje kama mojawapo lingemfanya baba yetu afungwe?

Zaidi ya chakula na majina lilikuwako jambo waliloliita wasifu. Kila mtu alikuwa na maandiko yake katika ofisi, na ndani yake hayakuwamo matendo yake peke yake. Yalikuwamo ya babu yake, ya mjomba wake, ya binamu aliyekimbilia Italia. Kama ndani ya ukoo yuko padre, au mfanyabiashara wa zamani, au mfungwa wa siasa, wasifu ulikuwa mbaya. Kijana mwenye wasifu mbaya hakuingia chuo kikuu hata akiwa wa kwanza darasani. Msichana mwenye wasifu mbaya alikosa mchumba, maana anayemwoa angeuchukua wasifu ule pamoja na mkewe, na watoto wangezaliwa nao. Jamaa za waliohukumiwa zilihamishwa kwa nguvu na kukalishwa vijijini, hasa katika mabonde ya kusini kama Lushnjë, wasiruhusiwe kutoka. Wako watoto waliozaliwa humo, wakakulia humo. Kanisa lafundisha kuwa twarithi doa moja tu, lile la Adamu, nalo huoshwa kwa maji ya Ubatizo. Dola ile ilibuni doa jingine la asili, na haikuweka maji yoyote ya kuliosha.

Palikuwa pia na karatasi za radi. Ndivyo zilivyoitwa kwa lugha yao. Mtu aliamka akakuta ubaoni kazini karatasi yenye jina lake, iliyoandikwa na mwenzake, ikitaja kosa lake: amechelewa, ameonekana na nguo ya kizungu cha kigeni, mama yake ameonekana akifanya ishara ya msalaba penye kaburi. Aliyetajwa ilimpasa ajibu hadharani, ajishutumu mwenyewe, tena haraka. Kamati ya mtaa nayo ilikuwa na macho yake. Antena ya televisheni ikielekezwa upande wa Italia, jirani aliiona juu ya paa. Polisi wa siri, walioitwa Sigurimi, hawakuwa na haja ya kusikia kila neno. Iliwatosha kila mtu asadiki kuwa huenda wanasikia.

Hapa twataka kusema jambo moja kwa uangalifu. Si vibaya jirani kumjua jirani. Katika nchi yetu balozi wa nyumba kumi hujua nani mgonjwa na nani amefiwa, na katika jumuiya zetu ndogondogo twajuana hata kwa madeni. Kijiji kisichojuana si kijiji. Ubaya wa Albania haukuwa katika kujuana. Ulikuwa katika matumizi ya kujuana. Jicho ambalo Mungu alimpa jirani ili aone moshi usiotoka jikoni kwa mwenzake, apate kumpelekea unga, lilifundishwa kuona ni nani asiyekunywa maziwa. Nasi tukijichunguza kwa haki, hatuna budi kukiri kuwa ulimi wa namna hiyo haukuzaliwa Albania. Wako Wakristu katika parokia zetu ambao hutoka kusali Rozari nyumbani kwa mtu, na kabla ya kufika njia panda wamekwisha kugawa siri za nyumba ile. Ukomunisti haukuuumba uchongezi. Uliupa mshahara tu.

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Na kata ya nyumbani, inayoingia ndani kabisa, ni mtoto. Ndiyo sababu tulianza na habari ya mtoto, na ndiyo sababu twarudi kwake sasa, maana hapa pana swali gumu ambalo hatupendi kulipita upesi.

Mfikirieni baba mmoja Mkatoliki wa Shkodër katika mwaka 1970. Hatumtaji jina kwa kuwa walikuwa wengi. Ana mtoto wa miaka sita. Ajua kwamba siku ya ndoa yake aliahidi mbele ya Mungu kumlea mtoto katika imani. Ajua pia kwamba akimfundisha Baba Yetu leo, kesho mwalimu atauliza, na mtoto atatoboa. Na baba akiisha kufungwa, mtoto huyohuyo ndiye atakayeandikiwa wasifu mbaya, ndiye atakayekua akijua kuwa kinywa chake ndicho kilichompoteza baba yake. Afanye nini? Amfundishe kusali, halafu amfundishe kukana kuwa anasali? Basi amemfundisha Amri ya kwanza na kumvunjia ya nane kwa mkono uleule. Au anyamaze, angoje mtoto akue, apate akili ya kutunza siri? Lakini imani isiyonyonywa pamoja na maziwa, mtoto ataitamani vipi akiwa na miaka kumi na sita, baada ya kufundishwa miaka yote kuicheka?

Wazazi wengi walinyamaza. Twajua kuwa wako wasomaji watakaosema upesi kuwa walikuwa waoga. Sisi hatuthubutu kusema hivyo. Ni rahisi kuwa shujaa katika gazeti. Wengi wao walinyamaza kwa upendo, na Mungu anayepima mioyo ndiye ajuaye ni upendo kiasi gani na woga kiasi gani. Pengine wenyewe hawakujua. Lakini yatupasa kusema pia kuwa hapo ndipo utawala ule ulipofanya uovu wake mkubwa kuliko yote, mkubwa kuliko kubomoa makanisa. Kanisa la mawe hujengwa tena. Utawala ule ulitaka kumfanya mzazi amwogope mtoto wake mwenyewe. Uliigeuza Amri ya nne chini juu: mtoto mwema aliyesifiwa shuleni alikuwa yule aliyewashitaki wazazi.

Wengine hawakunyamaza. Walifanya kama yule mama wa Wamakabayo, ambaye Maandiko yasimulia kuwa mbele ya mfalme katili alizungumza na wanawe kwa lugha ya wazee wao, mfalme asielewe. Bibi za Shkodër nao walikuwa na lugha yao. Hawakufundisha katekisimu kwa kitabu, maana kitabu kilikuwa kifungo. Waliweka chakula kizuri zaidi siku fulani bila kusema kwa nini. Wengine walitegea redio sikio kwa sauti ya chini sana, maana Redio Vatikani ilitangaza kwa Kialbania. Mtoto aliona, akauliza, akaambiwa: utakapokuwa mkubwa. Na ngoja hiyo, nayo ilikuwa fundisho.

Twajua zaidi habari za Sista mmoja, kwa sababu alizisimulia mwenyewe mbele ya Baba Mtakatifu Fransisko huko Tirana tarehe 21 Septemba 2014. Jina lake Sista Maria Kaleta. Nyumba yao ya kitawa ilipofungwa, Masista walitawanywa, naye akarudi kwao akawatunza wazazi wake hata walipokufa. Baadhi ya mapadre walimwachia Ekaristi Takatifu aitunze nyumbani, awapelekee wagonjwa walio karibu na kufa. Watu walimjia kuomba Ubatizo, naye aliwabatiza akiisha kujua kuwa hawatamshitaki.

Siku moja alikuwa akirudi nyumbani kutoka kazini katika shamba la ushirika. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mikononi alimkimbilia njiani, akamwomba ambatize mtoto. Sista aliogopa. Alimjua mwanamke yule kuwa ni mke wa mkomunisti. Akatafuta kisingizio: njiani hapa sina kitu cha kubatizia. Mwanamke akamwonyesha mfereji kando ya njia, maji haya hapa. Sista akasema hana chombo cha kuyatekea. Mwanamke akazidi kusihi. Basi Sista, alipoiona imani ile, alivua kiatu chake cha plastiki, akakitumbukiza mfereji, akateka maji, akambatiza mtoto.

Tulipoisoma habari hii mara ya kwanza tulitaka kukisifu kiatu, na kweli chastahili kusifiwa. Hatujui birika la fedha katika kanisa kuu lolote lenye heshima kukipita. Lakini mwenye kutushangaza zaidi ni yule mama. Yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza. Mumewe alikuwa mtu wa chama. Labda chakula chao kilikuwa bora kuliko cha wengine, labda na wasifu wao ulikuwa safi. Hakujua kama Sista atamwamini. Sista naye hakujua kama mama yule si mtego. Wanawake wawili, kila mmoja akimwogopa mwenziwe, walisimama njiani katika nchi iliyopangwa yote ili mtu asimwamini mtu, wakaaminiana kwa muda wa kumimina maji. Twasadiki kuwa pale, zaidi ya mtoto mmoja kufanywa mwana wa Mungu, kazi ya polisi wa siri ya miaka mingi ilivunjika.

Mama Kanisa hufundisha kuwa katika haja kubwa mtu yeyote aweza kubatiza, mwanamume au mwanamke, akiwa na maji na nia ya Kanisa, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Watoto wetu hulijibu swali hilo katika mafundisho ya Kipaimara kama wanavyojibu swali la hesabu. Huko Albania jibu hilo lilikuwa na bei. Padre Shtjefën Kurti, mzee aliyepita umri wa miaka 70, aliuawa kwa risasi mwaka 1971. Na habari zake zilipofika Roma mwaka 1973, dunia iliambiwa kuwa alikuwa amembatiza mtoto kwa siri kwa ombi la mama yake.

Padre Ernest Simoni naye alikamatwa usiku wa Noeli, tarehe 24 Desemba 1963, alipokwisha kusoma Misa katika kijiji cha Barbullush. Kati ya mashtaka yake lilikuwamo hili, kuwa amesoma Misa kwa ajili ya roho ya Rais Kennedy wa Marekani, aliyeuawa mwezi uliotangulia. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa katika chumba cha gereza aliwekewa mtu aliyejifanya rafiki, aanze kulitukana chama ili padre naye atukane, maneno yaandikwe. Padre akamjibu kuwa Kristu ametufundisha kuwapenda adui na kuwasamehe, na kwamba yatupasa kutafuta mema ya watu wote. Mpelelezi aliyapeleka maneno hayo kama yalivyo. Wakubwa waliyasoma, na hukumu ya kufa iliyokwisha kutolewa ikabadilishwa kuwa miaka mingi ya kazi za sulubu. Alichimba katika machimbo ya Spaç, akasoma Misa kwa Kilatini kwa moyo bila kitabu, akawaungamisha wafungwa wenzake. Alipofunguliwa mwaka 1981 alipewa kazi ya kusafisha mifereji ya maji machafu ya mji wa Shkodër, akaifanya hata utawala ulipolegea. Mwaka 2016 Baba Mtakatifu alimfanya Kardinali.

Wasomaji na watazame jinsi mtego ulivyomnasa mteguaji. Dola ilipeleka sikio lake gerezani kutafuta chuki, sikio likarudi na Injili. Mtu ambaye ndani yake na nje yake ni mmoja, mpelelezi hapati kitu cha kuiba kwake. Lakini hatuwezi kusema kuwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu. Wengine walikubali kuwa wachongezi, na wengine wa hao walikuwa Wakristu, waliotishwa kwa watoto wao au waliovunjwa kwa mapigo. Hao nao ni ndugu zetu, na Misa husomwa kwa ajili yao pia.

Yuko mwingine ambaye wasomaji wetu wamjua vizuri zaidi. Mtakatifu Teresa wa Calcutta alikuwa Mwalbania, mzaliwa wa Skopje. Masista wake walifika kwetu Tabora mwaka 1968, wakawatunza maskini na wagonjwa ambao wengine hawakuwataka. Katika miaka hiyohiyo mama yake mzazi na dada yake walikuwa Tirana, wamefungiwa ndani ya nchi ile. Mama alikuwa mzee na mgonjwa, naye alitamani kumwona binti yake kabla ya kufa. Serikali haikuruhusu wazee wale watoke. Mama alikufa mwaka 1972, na dada mwaka 1973. Sista aliyeruhusiwa kuwashika mkono watu wanaokufa wa nusu ya dunia hakupata kuushika mkono wa mama yake. Twadhani wagonjwa wa Tabora walipokea sehemu ya huduma ambayo binti huyo hakupata kumpa mama yake.

Sasa tuseme neno juu ya nyumba zetu, na wasomaji watuvumilie. Hapa kwetu hakuna mwalimu atakayemwuliza mtoto kama mama amesali. Mlango wetu haujafungwa na mtu, na Biblia imekaa wazi juu ya kabati. Lakini tukiuliza ni nyumba ngapi ambamo baba hupiga magoti pamoja na watoto wake kabla ya kulala, twaogopa jibu. Wako watoto wetu wanaofika mafundisho ya Komunyo ya kwanza bila kujua ishara ya msalaba, na katekista ndiye anayewafundisha. Kule baba alinyamaza kwa sababu ya polisi. Huku baba hunyamaza kwa sababu ya mpira katika televisheni, au kwa sababu amechelewa kilabuni, au kwa sababu tu aona haya mbele ya watoto wake mwenyewe, haya ambayo hajui ilitoka wapi. Yule baba wa Shkodër angetuuliza swali moja, nasi tungeinamisha macho.

Mwezi Mei 1990 Serikali ya Albania, iliyokwisha kuchoka, iliiondoa adhabu ya kueneza dini. Watu hawakukimbilia kusali siku hiyo. Walikuwa wamejifunza kungoja waone. Tarehe 4 Novemba Padre Simon Jubani, aliyetoka gerezani mwaka uliotangulia baada ya miaka 26 hivi, alisoma Misa Takatifu katika makaburi ya Rrmaj mjini Shkodër. Maelfu walikuja. Waislamu wa mji walikuja pia, wakasimama pamoja na jirani zao Wakatoliki. Na siku chache baadaye, msikiti wa kale wa mji ule ulipofunguliwa tena, Wakatoliki walikwenda nao kusimama pale. Miaka miwili na nusu baadaye, mwezi Aprili 1993, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwapa Uaskofu mapadre wanne katika kanisa kuu lililokuwa jumba la michezo.

Lakini katika Misa ile ya makaburini walikuwamo vijana wengi. Mtu aliyezaliwa mwaka 1967 alikuwa sasa na miaka 23, huenda na mtoto wake mwenyewe mgongoni, naye maishani mwake hakupata kuona Misa ikisomwa hadharani. Hakujua lini asimame na lini apige magoti. Wa kumwonyesha alikuwa bibi yake.